Kumpokea mwanafunzi mgeni nyumbani Unguja

Chumba kikaguliwe kabla mgeni anayekuja kusoma Kiswahili hajafika, na cha kwanza kutazamwa ni chandarua. Kitundikwe katikati ya kitanda, na upindo wake uingie chini ya godoro pande zote nne. Kikiwa kifupi, mguu au kiwiko kitagusa wavu usiku, na mbu watamuuma wakiwa nje. Tundu lolote lishonwe. Mfundisheni kukishusha magharibi, si wakati wa kulala, maana mbu wakishaingia huwa wamefungiwa pamoja naye.

Chandarua lakini hakimalizi kazi. Mbu wa malaria huuma usiku, na mbu wa homa ya dengi huuma mchana, mgeni akiwa amekaa barazani anasoma. Kwa hiyo ndoo, makopo na vifuu vilivyojaa maji ya mvua uani vimwagwe kila wiki, kabla viluwiluwi havijageuka mbu. Akipata homa apelekwe kupimwa malaria siku hiyo hiyo. Kabla ya vipimo apewe parasetamo tu. Aspirini na ibuprofeni zisiguswe, kwa sababu kama ni dengi huongeza hatari ya kuvuja damu.

Maji ndiyo yanayowaangusha wengi wiki ya kwanza. Ya kunywa yachemke yatokote dakika 1 nzima, yapoe ndani ya sufuria iliyofunikwa, kisha yatiwe kwenye chupa safi au ndoo yenye bomba. Wenyeji wengi hilo wanalijua, na mgeni bado anaumwa. Makosa hutokea pembeni: anapopiga mswaki kwa maji ya bomba, kwenye barafu ya juisi ya miwa, kwenye kachumbari iliyooshwa kwa maji yasiyochemshwa, na kwenye kikombe kinachochovywa ndoo ya maji ya kunywa na kila mkono unaopita. Muwekeeni chupa ya maji yaliyochemshwa karibu na mswaki wake. Akiharisha, changanyeni lita 1 ya maji safi na vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko visawazishwe, anywe kidogo kidogo. Onjeni kwanza: yakizidi chumvi ya machozi, mwageni muanze upya, kwani chumvi nyingi inadhuru. Akiona damu, akipata homa kali au akitapika kila anachokunywa, hospitali bila kungoja.

Chooni na bafuni muonyesheni kwa vitendo, wala msione haya. Ndoo ipi ni ya kuogea, kata hairudishwi ndooni na povu la sabuni, karatasi zinatupwa kwenye pipa lenye kifuniko wala si chooni. Asiyeambiwa ataziba choo siku ya pili na ataona aibu kusema.

Umeme nao uelezwe mapema: soketi zetu ni za pini tatu bapa, basi aje na adapta. Tukuza, yaani umeme wa mita, inalipiwa kabla, feni haiachwi ikizunguka chumba kitupu. Umeme ukikatika achomoe kompyuta, maana ukirudi huja na nguvu ya ghafla.

Makubaliano ya malipo yaandikwe ukurasa mmoja: milo mingapi kwa siku, nani anafua, bando la intaneti ni la nani, na akisafiri wiki moja pesa zinahesabiwaje. Nyumba nyingi huona haya kuligusa suala hili, halafu mwezi wa pili manung'uniko yanaanza. Siku mbili tatu za mwanzo mpelekeni kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, ajulikane.

Saa ndiyo inayompoteza mgeni kuliko njia za Mji Mkongwe. Mwalimu akisema saa mbili asubuhi, yeye huandika 2:00, kumbe kipindi ni 8:00. Wiki ya kwanza kila miadi aitaje mara mbili, kwa saa yetu na kwa saa ya simu yake.

Akisema hali nyama, ulizeni moja moja: kuku je? Samaki? Pweza? Mchuzi uliopikiwa nyama, yeye akala viazi tu? Ulizeni pia karanga na kamba, maana kuna wanaovimba koo. Mfundisheni kusema "nimeshiba, alhamdulillahi", kwa kuwa akisukuma sahani kimya, aliyepika ataumia moyo. Ramadhani asiyefunga apewe chakula chake ndani, aambiwe asile wala kunywa njiani mchana, na magharibi afuturu pamoja nanyi.

Mlango wake akiufunga, hajakasirika. Watu wa kwao hupumzika hivyo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyumbani Unguja jembe lenyewe ni mbuzi ya kukunia nazi. Aikalie kitako, ashike kizio kwa mikono miwili, akikune kwenye meno ya chuma huku akikizungusha kidogo kidogo. Akifikia ngozi ya kahawia aache, isije ikalitia tui rangi. Atie kikombe 1 cha maji ya vuguvugu, akamue, achuje. Tui zito liwekwe kando liingie mwishoni, na jepesi la mkamuo wa pili lipikie. Tui zito likiachwa kwenye moto mkali bila kukorogwa hukatika. Kwa nusu saa hiyo ameshapata maneno kukuna, kukamua, kuchuja, chicha na kifuu, na hatayasahau kwa kuwa mikono yake imeyashika.

Hapa ndipo nyumba inapoishinda skuli. Wanaokuja kusoma pale ilipokuwa TAKILUKI, Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ambayo sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wamekifuata Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kukimbilia Kiingereza ili kumrahisishia ni kumnyima alichokijia. Amueni siku ya kwanza ataita nani mama, nani bibi, nani kaka, na kila asubuhi shikamoo ianze kwake. Semeni kwa mwendo wenu wa kawaida, mrudie akiomba. Msimvunjie Kiswahili kwa "wewe kula sasa", maana atakikariri hivyo hivyo. Akikosea, msimkatize wala msimcheke mbele ya watoto. Akisema "kitabu yangu imepotea", muulizeni tu, "Kitabu chako kimepotea? Ulikiweka wapi?" Mara nyingi jibu lake litakuja limenyooka: "Nilikiweka barazani."