Somo: Kuweka baunsa wa ZNC wa kupangisha na kuingia Libera.Chat

Swali la "mbona nikizima simu nakuta mazungumzo yamenipita" nimelijibu hadi nimechoka, kwa hiyo naliandika hapa mara moja. IRC, njia ya kuchati kwa maandishi iliyoanza Ufini mwaka 1988, haimtunzii mtu ujumbe: umeme ukikatika au bando likiisha, yaliyosemwa ukiwa nje hayakufikii. Baunsa wetu hapigi watu mlangoni. Ni programu, hapa ZNC, inayokaa kwenye seva isiyozimwa, ikikushikia nafasi chanelini (chumba cha mazungumzo) na kukuwekea mistari hadi urudi.

Hatua ya 1. Fungua akaunti kwa mtoa huduma anayepangisha ZNC.

Hatua ya 2. Sajili jina lako Libera.Chat, mtandao wa IRC tunaouingia, kupitia NickServ, huduma yake ya kusajili majina.

Hatua ya 3. Kwenye ukurasa wa mipangilio wa ZNC, ongeza mtandao uitwao libera, kisha seva yake: irc.libera.chat +6697. Alama ya kujumlisha ndiyo inayowasha usimbaji fiche, ili mawasiliano yasisomwe njiani.

Hatua ya 4. Kwenye programu yako ya gumzo, andika anwani na poti ya mtoa huduma, si ya Libera, na katika nafasi ya nenosiri la seva uandike hivi: jina/libera:nenosiri, yaani jina na nenosiri la akaunti ya Hatua ya 1.

Hapa ndipo nilipoangukia. Una manenosiri mawili, la baunsa na la NickServ, nami niliweka la NickServ mahali pa la baunsa. Programu ikajaribu tena na tena yenyewe hadi mtoa huduma akaifungia anwani yangu kwa muda. Baadaye, kwa hasira, niliandika amri ya kujitambulisha kwa NickServ huku nafasi tupu ikiwa imetangulia mkwaju (/), na nenosiri langu likasomwa na chaneli nzima. Mkwaju uwe herufi ya kwanza kabisa, na amri yenye siri iandikwe kwenye dirisha la seva, kamwe si chanelini.

Hatua ya 5. Washa sasl, moduli (nyongeza ya ZNC) inayokutambulisha kwa NickServ: andika /msg *status LoadMod sasl, kisha /msg *sasl Set jina nenosiri, safari hii ukitumia la NickServ, halafu /msg *status Jump ili baunsa aunganishe upya.

Swali: Mkuu, haiingii.
Jibu: Inasema nini? Nakili ujumbe wa kosa kama ulivyo.
Swali: Inasema nenosiri si sahihi. Hatua ya 4 niliiruka, ni ndefu.
Jibu: Irudie.

Swali: Naomba kuuliza, kwa nini nikishasoma kwenye simu, kompyuta inakuta patupu?
Jibu: Swali zuri. Kwa kawaida ZNC hufuta akiba ya chaneli ikishaikabidhi kwa programu ya kwanza. Washa moduli ya controlpanel, kisha andika /msg *controlpanel Set AutoClearChanBuffer $me false. Ubaya wake ni kwamba mistari ileile itarudi kila unapoingia. Moduli ya playback huondoa kero hiyo, ila lazima mtoa huduma aiweke na programu yako iwe inaielewa. Mistari 50 ya kawaida ikikupungukia, ongeza ChanBufferSize kwa njia hiyohiyo.

Swali: Ukurasa wa mipangilio unakataa kufunguka kwenye Firefox.
Jibu: Poti ni 6697? Firefox huizuia poti hiyo kwa kurasa za wavuti. Mwombe mtoa huduma poti nyingine.