Sambusa za dengu na mchicha: hakuna nyama, yai, maziwa wala samli

Ukimwambia mtu hapa Lamu kwamba ndani ya sambusa mna dengu na mchicha, la kwanza atakalouliza ni kama nyama imepanda bei. Mimi nazipika mwaka mzima hapa Langoni, mwezi wa Ramadhani nazipika kila siku, na wanunuzi wangu wengi ni walaji nyama. Huzitaka kwa ladha yake. Dengu zina uzito mdomoni, mchicha una utamu wa majani, na kitunguu huivia mumo humo ndani ya manda, yaani ganda la unga, kwa mvuke wake.

Kinachoziharibu ni maji. Nyama ya kusaga ukiikausha jikoni imekauka, basi. Lakini dengu zimekunywa maji, mchicha umejaa maji, na kitunguu nacho ni maji. Mchanganyiko ukibaki na unyevu, manda hulainika kabla hujawasha jiko, sambusa hupasuka karaini, mafuta huingia ndani, na unachoopoa ni kitu kizito kinachovuja. Mamangu aliponifundisha alikuwa akirudia neno moja kwa Kiamu: "Mai yatoke kwanda," yaani maji yatoke kwanza. Hatua nyingi hapa chini ni njia za kuyatoa maji hayo.

Kuna na jambo jingine, nalo nililijua kwa uchungu. Nyumba moja ya wageni upande wa Shela iliniagiza sambusa kwa ajili ya mgeni asiyekula chochote kitokacho kwa mnyama. Ndani nilitia dengu na mboga tu, lakini manda nilizipaka samli kama nilivyozoea. Mgeni akauliza, nami nikajibu kweli, na sahani ikarudi kama ilivyokwenda. Niliona haya sana, kwa kuwa alikuwa ameniamini. Tangu siku hiyo naangalia kila mahali: manda napaka mafuta ya kupikia, gundi ni unga na maji bila ute wa yai, na mafuta ya karai huwa mapya, si yale yaliyokaangiwa samaki jana.

Dengu zipi, mchicha upi

Ukisema "dengu" dukani, utakachopewa kinategemea muuzaji anatoka wapi. Wengine watakupimia zile za kijani za mviringo, ambazo bara huitwa ndengu na sisi twaziita pojo. Sizo. Ninazotaka ni adesi: ndogo, bapa kama kifungo, za kahawia au kijani kilichofifia, ambazo madukani wengi wanaziita kamande. Wala usichukue zile nyekundu zilizobambuliwa. Ni nzuri kwa mchuzi, lakini huvurugika upesi zikawa uji, na uji haukai ndani ya sambusa.

Mchicha wa kienyeji ndio bora. Kile kinachouzwa kwa jina la spinachi, chenye jani pana na bua nene jeupe, nacho kinafaa, ila bua uliondoe lote kwani ndiko maji yaliko. Mboga zetu nyingi huvuka kwa mashua kutoka Mokowe, zikitoka mashamba ya Mpeketoni na Hindi, kwa hiyo mimi hufika sokoni pale karibu na ngome mapema, kabla majani hayajalala kwa jua.

Vipimo vya sambusa 40

Za ndani: dengu gramu 250, mchicha gramu 400 ukiwa umeshachambuliwa, vitunguu maji 2 vikubwa, thomu (kitunguu saumu) punje 5, tangawizi kipande cha kidole gumba, pilipili mbichi 2 au 3, bizari nyembamba, ambayo wengine huiita jira, kijiko kidogo 1 na nusu, giligilani ya unga kijiko kidogo 1, manjano robo kijiko, kotmiri (majani mabichi ya giligilani) fungu 1, ndimu 1, nazi iliyokunwa vijiko vikubwa 4, chumvi, mafuta vijiko vikubwa 2.

Za manda: unga mweupe wa ngano gramu 300 (ule usiotiwa hamira), chumvi nusu kijiko kidogo, mafuta kijiko kikubwa 1, maji ya vuguvugu takriban theluthi mbili za kikombe. Weka kando unga mwingine wa kunyunyizia, na vijiko 3 vya unga wa kufanyia gundi. Mafuta ya kukaangia, lita 1.

Hatua ya 1: Dengu

Zichague mawe kwenye sinia, uzioshe, uzichemshe kwa vikombe 4 vya maji. Hapa mjini maji ya visima vingi yana chumvichumvi, na maji magumu huzichelewesha dengu kulainika; ganda hubaki gumu hata ukichochea moto. Mimi nachemshia maji ya mvua, au ya kununua nikikosa. Ndimu usiitie sasa, maana ukali wake nao huzizuia kuiva.

Baada ya dakika 20 hivi anza kuzijaribu. Bonyeza moja kwa vidole viwili: ipondeke bila kubisha, lakini kabla ya kuibonyeza iwe na umbo lake. Zikifika hapo, zimwage kwenye chujio na uziache dakika 10. Kisha zirudishe kwenye sufuria kavu, moto mdogo, uzitikise mpaka mvuke ukatike. Watu wengi huiruka hatua hii ya kuzirudisha motoni, halafu hushangaa sambusa zao zikipasuka.

Hatua ya 2: Mchicha na kitunguu

Osha mchicha mara 3, kwani mchanga ukibaki hakuna kiungo kitakachouficha. Utie kwenye sufuria ya moto bila kuongeza maji, uugeuze dakika 2 au 3 mpaka unywee. Uache upoe, kisha uufunge kwenye kitambaa cha melimeli na ukamue kwa nguvu zako zote. Ukidhani umekwisha, zungusha kitambaa ukamue tena. Majani yaliyojaza beseni yatabaki tonge la ukubwa wa ngumi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ukate baada ya kukamua, si kabla. Maji yake ya kijani yatie kwenye mchuzi.

Kitunguu kikate kidogokidogo sana, kitie nusu kijiko kidogo cha chumvi, kikae dakika 15, nacho ukikamue. Usikikaange. Kitunguu kilichokaangwa kina utamu mzito unaomeza ladha ya mchicha. Kibichi kilichokamuliwa hutoa harufu ile ambayo mtu akiuma tu anajua hii ni sambusa ya pwani.

Hatua ya 3: Kuunga

Nazi uikaange peke yake kwenye sufuria kavu mpaka iwe rangi ya mchanga. Hii ni njia yangu mwenyewe. Nyama ina mafuta yake, dengu hazina, na nazi iliyokaushwa huleta mafuta hayo na papo hapo hufyonza unyevu uliobaki. Tui lisikaribie hapa.

Pasha vijiko 2 vya mafuta, tia thomu, tangawizi na pilipili zilizotwangwa pamoja. Harufu ya ubichi ikiondoka tia bizari, giligilani na manjano, geuza kwa nusu dakika, kisha mimina dengu. Robo yake ziponde kwa mwiko ukutani mwa sufuria ili zishikanishe nyingine. Tia mchicha, chumvi na maji ya ndimu, uendelee kugeuza mpaka ndimu ikauke. Epua, changanya nazi, utandaze kwenye sinia upoe kabisa. Kitunguu na kotmiri hutiwa mwisho, mchanganyiko ukiwa baridi, kwa sababu joto hukifanya kitunguu kitoe maji upya.

Chukua kidogo uufinyange tonge, uliweke juu ya karatasi kwa dakika 1. Karatasi ikilowa, rudisha jikoni. Onja pia chumvi, na iwe mbele kidogo, kwani manda haina ladha kali.

Hatua ya 4: Manda

Manda za kununua zipo, lakini soma karatasi yake uone kilichomo. Za kwako utazijua mwenyewe.

Changanya unga, chumvi na mafuta, tia maji kidogokidogo, kanda dakika 10. Donge liwe gumu kuliko la chapati. Likilainika, manda zitagandana na hutaweza kuzibandua. Lifunike lipumzike nusu saa, kisha ligawe madonge 10 yaliyo sawa.

Sukuma donge moja liwe duara dogo la upana wa kiganja. Sukuma la pili lilingane nalo. La kwanza lipake mafuta usawa wote mpaka ukingoni, nyunyiza unga juu ya mafuta, kisha liweke la pili juu yake. Sasa sukuma yote mawili kwa pamoja, ukigeuza na kuzungusha, mpaka upate duara la sentimita 25 hivi. Mahali usipopaka mafuta ndipo patakapogandana na kuchanika, kwa hiyo ukingo uangalie zaidi ya kati.

Weka chuma cha chapati kwenye moto mdogo. Laza manda kwa nusu dakika tu, geuza, nusu dakika nyingine. Inatakiwa igeuke rangi kutoka ubichi kuwa nyeupe kavu na ianze kufura. Ukiona madoa ya kahawia umechelewa: manda iliyoiva haikunjiki, huvunjika. Ipua, na ikiwa bado ya moto tafuta mwanya ukingoni uzibandue mbili hizo taratibu. Zitie mara moja ndani ya kitambaa kikavu na ufunike, kwani upepo wa baharini huzikausha upesi sana. Ukimaliza zote 10, zipange pamoja na uzikate robo. Utapata vipande 40.

Hatua ya 5: Kukunja

Gundi ni unga vijiko 3 na maji, nzito kama uji wa mtoto. Chukua kipande, ncha ielekee kwako, na upande uliogusa chuma uwe nje. Paka gundi kwenye ukingo mmoja ulionyooka, uuvute ukingo wa pili uje juu yake kwa nusu upana wa kidole. Utapata umbo la kile kikaratasi cha muuza njugu. Ibonyeze ncha ya chini, kisha iinue uitazame kwenye mwanga. Ukiona tundu, weka gundi; palipopita mwanga mafuta yatapita.

Tia kijiko kikubwa kimoja, usukumize mpaka kwenye ncha bila kushindilia, uache nafasi ya kidole juu. Paka gundi mdomoni, funga, na uzipitie pembe zote 3 tena. Wanaoanza hujaza kupita kiasi ili sambusa ionekane nene. Mvuke hauna pa kwenda, nayo hupasuka. Zipange kwenye sinia lililonyunyizwa unga, zisipandane.

Ukiwa na watu wa kukusaidia, mmoja akunje na mmoja ajaze. Sisi nyumbani wakati wa Ramadhani hukaa sakafuni watatu, na 40 huisha kabla ya adhana ya alasiri.

Hatua ya 6: Kukaanga

Mafuta yafike nusu ya karai, moto wa wastani. Tupia kijipande cha manda: kikizama kidogo kisha kikapanda na mapovu madogomadogo, ni tayari. Kikipanda mbio na kubadilika rangi papo hapo, mafuta yamekuwa makali, punguza moto usubiri. Za nyama ukizikaanga kwa pupa pengine zitakusamehe, hizi hapana. Nje hubabuka, kitunguu ndani kibichi, na zikipoa hulainika.

Tia 6 kwa mara moja, uzigeuze mara kwa mara, dakika 5 hivi, mpaka ziwe rangi ya dhahabu. Ukiziopoa zisimamishe kwenye chujio zikiegemeana, ncha chini, ili mafuta yashuke. Ukizilaza kwenye sahani zikiwa za moto, upande wa chini utakuwa laini kabla hujaketi.

Kula na kuweka

Kwa kutowelea, saga nazi mbichi, kotmiri, pilipili, chumvi na ndimu kwa maji kidogo sana. Chatini hii inanitosha. Ya maziwa lala, ambayo wengine huipenda, hapa haifai. Chai iwe ya mkandaa, yaani isiyo na maziwa, yenye tangawizi.

Mbichi hukaa kwenye friza mwezi mzima. Zigandishe kwanza juu ya sinia zikiwa mbalimbali, saa 2 au 3, ndipo uzitie mfukoni. Ukizitia laini zitashikana na kuchanika. Siku ya kuzikaanga usiziache ziyeyuke. Zitoe ngumu moja kwa moja uzitie karaini, moto uwe mdogo kuliko kawaida, uziongeze dakika 2, na ukae nazo mbali kidogo mwanzoni kwani barafu hurusha mafuta.