Ripoti isomwe shehiani kabla haijapanda boti

Nafanya tathmini za miradi midogo huku Pemba, na kosa lililonifunza kazi ni la kwangu mwenyewe, kwenye mradi wa mwani upande wa Micheweni. Tulipita nyumba kwa nyumba siku nne, tukaandika kwamba akinamama wengi wameacha kulima. Rasimu ilikuwa tayari kwenda Unguja. Bahati nzuri niliisoma kwanza barazani kwa sheha, kiongozi wa shehia, eneo dogo la utawala huku Zanzibar.

Nilipofika kwenye "walioacha", bibi mmoja aliangua kicheko. "Mwanangu, mlikuja bamvu! Saa nne asubuhi bahari imekupwa, mkulima gani wa mwani atakaa nyumbani? Mliowakuta ndio sisi tusiojiweza tena." Bamvu ni siku bahari inapokupwa mno; ikabidi turudi maji mafu, isipokupwa sana, tuhesabu upya.

Kwa hiyo, siku ya kwanza, kabla hujauliza swali lolote, waambie watu majibu utayarudisha lini na wapi, na tarehe iandikwe kwenye daftari la sheha. Wamechoka kuhojiwa na watu wasiorudi.

Rasimu yenyewe usiisome ilivyo. Toa karatasi moja ya herufi kubwa, kwa vipimo vyao. Ukiandika kilo za mwani, sema mbichi au mkavu: kilo 10 mbichi zikikauka, hata mbili hazifiki. Nimeona jedwali lililozijumlisha pamoja, likapigwa na muhuri.

Fanya vikao viwili. Cha wote ni cha heshima. Mbele ya waume na sheha hakuna atakayesema fedha ya kikundi ilikopwa haikurudi. Cha pili kiwe cha akinamama peke yao, wakati wanafunga mbegu za mwani kwenye taitai, vile vikamba vya kuushikia. Mikono ikiwa na kazi, maneno hutoka. Wewe funga nao, daftari liweke chini. Majina usiyaandike kabisa, na kumbuka shehia ni ndogo: "mjane mwenye watoto sita" tayari ni jina.

Sanduku la maoni silitaki. Nilifungua moja baada ya miezi mitatu, nikakuta mjusi.

Habari mbaya nazo zisingoje ripoti ya mwaka. Kotonii, aina moja ya mwani, ikianza kufa kwa joto la maji, mwandikie mfadhili mwezi huohuo: kilichotokea, wakulima wanasemaje, unaomba kibadilishwe nini. Fedha ya mbegu ikiwa bado ipo, inaweza kuhamishiwa spinosamu, aina nyingine ya mwani inayostahimili zaidi, au majaribio ya maji ya kina. Ikishatumika, mnabaki kulaumiana.

Mkitofautiana na wananchi, andika kauli zote mbili. Mwisho wa ripoti weka ukurasa wa yaliyosahihishwa kikaoni, na nakala moja ibaki kwa sheha. Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa na mstari mmoja tu: wakulima wa mwani wasihesabiwe majumbani siku za bamvu.