Kubadilisha Beringi za Magurudumu ya Mbele ya Pikapu

Mwongozo huu unahusu pikapu ambazo habu, yaani kitovu cha gurudumu la mbele, hubeba beringi mbili za rola zenye umbo la koni, yaani ya ndani iliyo kubwa na ya nje iliyo ndogo, zikishikwa na nati inayorekebishwa kwa mkono wa fundi. Ikiwa gari lako lina habu iliyofungwa kiwandani pamoja na beringi yake, kazi ni ya kufungua bolti na kuweka kipande kizima kipya, na maelezo mengi yaliyo hapa hayatakuhusu. Kwa beringi za koni, kuzitoa zilizochakaa ni rahisi. Mahali ambapo wengi huharibu ni kwenye kukalisha vikombe (pete za nje za beringi, zinazobanwa ndani ya habu) na kurekebisha nati, na ndiyo maana nitatumia maneno mengi zaidi huko.

Kwanza hakikisha kwamba ni beringi

Beringi iliyochoka hutoa mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyoongezeka, na ambao haubadiliki unapobadilisha gia. Ukikata kona kushoto, uzito wa gari huegemea upande wa kulia. Kwa hiyo mvumo ukizidi katika kona za kushoto, anza kuishuku beringi ya kulia. Inua gurudumu, lishike juu na chini, kisha litikise. Likicheza, mwombe mtu akanyage breki huku ukiendelea kulitikisa. Mchezo ukiisha, tatizo ni beringi, kwa kuwa pedi zimeifunga diski isiweze kuyumba. Mchezo ukibaki, chunguza boljointi (viungo vya mpira vinavyoshikilia gurudumu kwenye mikono ya gari) kabla ya kununua kitu chochote.

Maandalizi

Nunua koni (sehemu ya ndani ya beringi yenye rola) na vikombe vipya kwa pamoja, sili mpya (pete ya kuzuia grisi isitoke na maji yasiingie) na splitipini mpya (pini ya kuzuia nati isilegee). Usikubali kuweka koni mpya ndani ya kikombe cha zamani, hata kama kikombe kinang'aa, kwa sababu nyuso hizo mbili huzoeana na kuchakaa pamoja. Utahitaji grisi ya beringi za magurudumu inayostahimili joto, jeki, stendi, kabari, nyundo, tindo la shaba, waya, mafuta ya taa ya kuoshea, matambara safi, na spana ya kupimia nguvu ya kukaza.

Kufungua

Egesha gari mahali tambarare na pagumu, weka kabari kwenye magurudumu ya nyuma, na ulegeze nati za gurudumu kabla ya kuinua. Gari likishainuliwa, liweke juu ya stendi. Jeki ni ya kuinulia tu, haifai kuaminiwa na mtu anayefanya kazi chini yake. Toa gurudumu, kisha fungua kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki) na kishikizo chake na uining'inize kwa waya, ili mpira wa breki usibebe uzito wowote. Usipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Lifute kwa tambara lenye unyevu.

Ng'oa kifuniko cha grisi, toa splitipini, nati na washa. Kwenye pikapu inayoendesha magurudumu manne utakutana kwanza na kifuniko cha habu chenye bolti, klipu ya mwisho wa shafti, na mara nyingi nati mbili zenye washa ya kufungia katikati yake. Zipange mezani kwa mfuatano uliozitoa. Vuta habu kidogo, pokea beringi ya nje kwa mkono, kisha toa habu nzima. Ilaze, ng'oa sili ya zamani, na beringi ya ndani itatoka.

Soma beringi ya zamani kabla ya kuitupa

Ioshe na uitazame. Rangi ya buluu maana yake ni joto kali, ama kwa kukosa grisi ama kwa nati iliyokazwa kupita kiasi. Kutu na grisi iliyogeuka rangi ya maziwa huonyesha kwamba maji yalipita kwenye sili. Vishimo na magamba yaliyobanduka kwenye kikombe ni uchovu wa chuma. Kila dalili inakueleza nini cha kuangalia kabla ya kufunga, kwani beringi mpya haitaponya sababu iliyoiua ya kwanza. Chunguza pia stabu, yaani mhimili mfupi ambao habu huzunguka juu yake: ikiwa mahali panapokaa koni pamekwaruzika kwa kina au pamebadilika rangi, koni ilikuwa ikizunguka juu yake, na stabu hiyo inahitaji kubadilishwa.

Kutoa na kuingiza vikombe

Ndani ya habu utaona nafasi zinazoacha ukingo wa kikombe wazi. Weka tindo hapo, gonga upande mmoja, hamia upande wa pili, na uendelee kubadilishana, ili kikombe kitoke kikiwa kimenyooka bila kuchuna ukuta wa habu. Osha habu mpaka grisi yote ya zamani iishe na ulainishe mikwaruzo yoyote iliyoinuka.

Vikombe vipya huingia upande mpana wa mdomo ukitazama nje ya habu, kila kimoja kwa upande wake. Kukiacha kikombe kwenye friza kwa saa chache hukisinyaza kidogo na kurahisisha kazi. Kifaa kizuri cha kukisukumia ni kikombe cha zamani kilichosagwa kidogo upande wa nje ili kisinase ndani. Gonga taratibu kwa kuzunguka. Kikifika mwisho, mlio wa nyundo hubadilika ghafla na kuwa mkavu na mzito. Usiridhike na mlio peke yake: mulika kwa tochi uhakikishe hakuna mwanya kati ya kikombe na kituo chake. Kikombe kisichokaa vizuri kitajisogeza chenyewe baadaye barabarani, na marekebisho yote ya nati yatakuwa yameharibika.

Grisi

Weka bonge la grisi kiganjani, kisha sukuma upande mpana wa koni kwenye grisi hiyo mpaka itokeze upande wa pili kati ya rola, na uzungushe hadi umalize duara lote. Kupaka nje kwa kidole hakutoshi. Paka vikombe na stabu safu nyembamba, lakini usijaze habu nzima, kwa kuwa grisi iliyozidi huongeza joto na kusukuma sili. Weka beringi ya ndani, gonga sili mpya ikae sawasawa, na upake grisi kwenye mdomo wake.

Kurekebisha nati

Rudisha habu ikiwa imenyooka ili usichane sili, ingiza beringi ya nje, washa na nati. Fuata kitabu cha gari lako, kwa maana baadhi ya watengenezaji hutaka mkazo mdogo unaopimwa kwa mizani ya springi. Ambapo kitabu kinataka mchezo mdogo, utaratibu wa kawaida ni huu: kaza nati kwa takriban nyutoni-mita (Nm) 25 hadi 30 huku ukizungusha habu mfululizo, ili rola zijipange, ilegeze kabisa, kisha ikaze kwa vidole tu. Tundu la splitipini lisipolingana, legeza kidogo, usikaze. Mchezo unaobaki kwa kawaida huwa kati ya milimita 0.025 na 0.125, kiasi ambacho mkono hukihisi kwa shida. Hisia ya kwamba nati "haijakaza" huwasumbua wengi, nao huongeza robo mzunguko na kuiunguza beringi mpya.

Funga splitipini, futa grisi yote kwenye diski, rudisha kalipa kwa nguvu iliyotajwa kitabuni, kisha gurudumu, ukikaza nati zake kwa kuvuka. Kanyaga pedali ya breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu kabla gari halijasogea hata hatua moja. Endesha kilomita 10 hivi, kisha sogeza mkono karibu na habu zote mbili: vuguvugu linalofanana ni kawaida, lakini ikiwa moja ni moto zaidi kwa dhahiri, inua gari tena na ulegeze nati yake. Baada ya kilomita 50 hadi 100, kagua mkazo wa nati za gurudumu na utikise gurudumu juu na chini kama ulivyofanya mwanzo.