Somo: Kukimbia Kilimanjaro Marathon ukiwa umeongozana na familia

Habari za mazoezi, ndugu zangu. Februari ikikaribia, maswali kuhusu Moshi huwa mengi, na mengi hayahusu kasi wala raba. Watu wanauliza kuhusu mume, mke, watoto na bibi: nikienda nao, nitakimbia vizuri kweli? Utakimbia vizuri kabisa, mradi mkubaliane nyumbani kwamba matembezi yote yatakuwa baada ya mbio. Mengine yote yanafuata hapo.

Hatua ya 1: Ijue njia

Mbio hizi zilianza mwaka 2003. Hukimbiwa Jumapili, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na uwanja ni wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Kuna kilomita 42.2, kuna 21.1, na kuna 5 za kujifurahisha.

Kwenye 42, nusu ya kwanza ni lami tambarare ya barabara ya Dar, kwenda na kurudi. Bado kuna ubaridi wa asubuhi, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko wazi, miguu inakudanganya kwamba leo ni siku yako. Wengi wanajimalizia hapo. Kazi yenyewe iko nusu ya pili, unapopandisha kuelekea Mweka huku jua limeshakolea, hadi takriban mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, ndipo unageuza na kushuka mjini. Kwa hiyo nusu ya kwanza kimbia ukiwa bado unaweza kuongea sentensi nzima. Ukishindwa kuongea, punguza, hata kama wenzako wanakupita.

Hatua ya 2: Mazoezi

Jipe wiki 16 kama tayari unamudu kilomita 10 bila shida. Mbio ndefu ya wiki iongezeke taratibu hadi kilomita 30 au 32, na hiyo ya mwisho iwe wiki 3 kabla ya safari. Baada ya hapo unapunguza. Hakuna kufidia mazoezi uliyoyakosa.

Sisi wa Dar tuna tatizo la milima. Daraja la Tanzanite ni zuri kwa upepo wa bahari, lakini si mlima. Nenda Pugu, nenda Kisarawe, na ukifika huko usifanyie mazoezi kupanda tu. Kushuka ndiko kunakoumiza mapaja kwa mbele, na kwenye kilomita za mwisho Moshi unashuka ukiwa tayari umechoka. Jifunze kushuka kwa hatua fupi za harakaharaka, magoti yamelegea kidogo, mwili usiegemee nyuma kama unayefunga breki.

Hatua ya 3: Safari na malazi

Dar hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 550, na kwa basi ni kutwa nzima. Fika Ijumaa, usifike Jumamosi jioni. Njiani, kila basi likisimama, shuka utembee. Treni ya abiria ilirudi Moshi mwaka 2019 na watoto huipenda sana, ila haiondoki kila siku, kwa hiyo angalia ratiba kwanza.

Chumba kiwekewe nafasi mapema kwa sababu mji hujaa. Mimi ningechagua nyumba ya wageni ya kawaida iliyo karibu na uwanja kuliko hoteli nzuri ya mbali: alfajiri baadhi ya barabara zinafungwa, na kutembea na watoto dakika kumi ni rahisi kuliko kugombania bajaji. Hakikisha kuna neti.

Hatua ya 4: Jumamosi

Chukua namba yako mapema kwenye vituo vilivyotangazwa, kisha pumzisha miguu. Watoto wapelekwe sokoni na mtu mwingine.

Mlo mkubwa uwe mchana, jioni kula kidogo. Na hapa Moshi wametubariki: mtori. Ndizi mshare zimepondwa zikalainika kwenye supu ya nyama, unakunywa bakuli na tumbo halilalamiki. Kiburu ni kitamu, lakini kina maharage, kwa hiyo kisubiri Jumapili jioni.

Kabla ya kulala, bandika namba kwenye jezi kwa pini nne, weka mafuta ya mgando tayari kwa ajili ya kwapa na mapaja, kisha kaa na familia mkubaliane mahali pa kukutana. Taja kitu kinachoonekana, mti au geti fulani, na saa. Msitegemee simu peke yake kwenye umati ule. Mtoto mdogo mwandikie namba ya simu kwenye mkono kwa kalamu ya wino. Na lazima awepo mtu mzima mmoja asiyekimbia, ambaye kazi yake siku hiyo ni watoto tu.

Hatua ya 5: Baada ya mbio

Jumatatu nendeni kwenye chemchemi ya Chemka, upande wa Boma Ng'ombe: watoto waogelee, nawe uloweke miguu. Materuni ina maporomoko ya kupendeza mno na kahawa ya kutwanga wenyewe, lakini njia yake ina vilima, iache hadi Jumatano. Na siku yoyote, waamshe watoto alfajiri waione Kibo kabla mawingu hayajaifunika.

Maswali ya wanachama

*Mama wa watoto wawili, Mombasa:* Shikamoo mwalimu. Mimi na baba watoto sote twataka kukimbia. Itawezekana?

Marahaba dada. Mmoja akimbie mbio ndefu, mwingine akimbie kilomita 5 pamoja na watoto, kwa kuwa hiyo huanza wale wa 42 wakiwa wameshaondoka. Mwakani mbadilishane. Mkipitia Taveta na Holili, msisahau hati za watoto.

*Mwanachama wa Tanga:* Nataka kupanda Kilimanjaro wiki hiyohiyo. Kabla au baada?

Baada, ukishapumzika siku kadhaa. Ukitoka kushuka kilele cha mita 5,895 mapaja yanakuwa yameshapigwa, na kilima cha Mweka hakitakuhurumia.

*Kijana wa Dodoma:* Kaka, nimeze dawa ya maumivu asubuhi ya mbio ili nisikakamae?

Hapana, mdogo wangu. Dawa kama ibuprofen na diclofenac zinaweza kuumiza figo ukiwa umepungukiwa maji kwenye joto. Kunywa kadiri ya kiu, na usijaze tumbo maji matupu muda wote, kwani chumvi ya mwili inashuka na hiyo ni hatari. Ukipata kitu chenye sukari na chumvi njiani, pokea.

*Mwanachama wa Arusha:* Nanyonyesha mtoto wa miezi saba. Niache mwaka huu?

Kama daktari amekuruhusu na umekuwa ukifanya mazoezi, kimbia 21. Mnyonyeshe muda mfupi kabla ya kuanza, acha maziwa uliyokamua kwa anayebaki naye, na mwambie akusubiri kivulini, mbali na spika za muziki.