Kuondoa jamvi la zege lililoinuliwa na mizizi na kung'oa visiki vyake kwa trekta

Jamvi la kuanikia mahindi lenye mita 6 kwa 5 na unene wa sentimita 10 ni mita 3 za ujazo za zege. Mita moja ya ujazo ya zege ina kilo 2,400 hivi. Hapo una tani 7 na ushee, zaidi ya mara mbili ya uzito wa trekta la Massey Ferguson 375 unalotaka lije kulivuta. Ndiyo maana mtu akinipigia simu kwamba nije na mnyororo tulitoe lote kwa mkupuo, namwambia kwanza atafute vijana wenye nyundo.

Nitatumia mfano wa shamba la kawaida la huku Kilosa. Jamvi limemwagwa zamani, pembeni ikapandwa mijohoro ya kivuli, mizizi ikapita chini ya zege kufuata unyevu, na kila mwaka ikanenepa. Sasa upande mmoja umeinuka, nyufa zinapitisha kidole, na punje zinazoingia humo zinaota mvua ikinyesha. Kukata mti peke yake hakusaidii, maana mjohoro ukikatwa huchipua tena. Kisiki lazima kitoke.

Hatua ya 1: Kagua kabla ya kuwasha trekta

Uliza bomba la maji linapita wapi, waya wa umeme umefukiwa wapi, na karo la choo liko wapi. Tairi la nyuma la trekta likikanyaga mfuniko wa karo la zamani, kazi ya siku hiyo imekwisha. Weka kigingi kwa kila unachokipata. Kama jamvi liko ndani ya kijiji, pita pia kwa mtendaji umweleze kuhusu miti unayotaka kukata, msije mkasimamishwa katikati ya kazi.

Kisha chukua mtaimbo, gonga jamvi lote kwa ncha yake ukitembea taratibu. Penye udongo chini sauti ni nzito na fupi. Palipoinuliwa na mzizi sauti ni ya uwazi, inarudi. Chora alama ya mkaa hapo, ndipo utakapoanza kuvunja.

Hatua ya 2: Kata mti, acha kisiki kirefu

Fundi wa chenso (msumeno wa injini) akiachiwa mwenyewe atakata mti karibu kabisa na ardhi, kwa sababu gogo refu lina faida kwake. Mkatalie. Acha mita 1.2 hadi 1.5 juu ya ardhi. Huo urefu ndio wenzo wako: mnyororo ukifungwa juu, kisiki kinalala kwa nguvu ndogo, ukifungwa chini, unavuta ardhi nzima.

Hatua ya 3: Vunja jamvi kwanza

Wengi huanza na visiki kwa sababu trekta tayari limekodishwa. Lakini mizizi iliyolaliwa na tani 7 za zege haitoki, na ukiilazimisha, jamvi linapasuka vipande visivyo na mpangilio na chuma kinabaki kimejisokota katikati.

Kama jamvi limegusana na ukuta wa ghala au nyumba, kata mstari pembeni mwa ukuta kwa gurinda yenye jiwe la kukatia zege, mpaka liachane kabisa. Mwagia maji wakati wa kukata na uvae barakoa, vumbi la zege linaharibu mapafu.

Anza kwenye ukingo ulio huru, pale palipolia uwazi. Ingiza mtaimbo chini ya zege, inua kidogo, mwenzako asukumie jiwe kubwa chini yake kwa kipande cha mti, siyo kwa mkono. Sasa zege inaning'inia. Nyundo ya kilo 5 ikipigwa hatua moja kutoka kwenye jiwe, inakatika. Zege hiyohiyo ikiwa imelala juu ya udongo ungeipiga mpaka jioni, kwa sababu udongo unameza pigo.

Vunja vipande vya sentimita 60 kwa 60. Kipande cha namna hiyo kina kilo 86 hivi, vijana wawili wanakiburuta. Ukikuta wavu wa nondo, ukate kwa mkasi wa nondo kila kipande kinapoachana. Vipande vikubwa vilivyogoma vifunge mnyororo, trekta livivute kimoja kimoja kwa gia ndogo. Vipange pembeni, vitakufaa baadaye kama mawe ya kutandika chini ya jamvi jipya.

Hatua ya 4: Fukua na ukate mizizi

Siku moja kabla, mwaga maji ya kutosha kuzunguka kisiki. Udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata, ukikauka hushika mzizi kama saruji. Ila usilowanishe njia ya trekta, tairi zitateleza.

Chimba mtaro kuzunguka kisiki, hatua moja kutoka kwenye shina, kina cha kufika goti. Kila mzizi wa pembeni unaouona, ukate sehemu mbili na utoe kipande cha katikati, ili usije ukajibana tena wakati wa kuvuta. Anza na mizizi iliyo nyuma ya kisiki, yaani upande usioelekea trekta. Hiyo ndiyo inayokishikilia kisilale. Tumia shoka. Chenso ikigusa udongo meno yanakufa papo hapo. Ukilazimika kuitumia, osha mzizi kwanza.

Hapa ndipo kazi inapofanyika. Kisiki kisichotikisika kwa kusukumwa na watu wawili watatu bado hakijaiva kwa trekta. Rudi kwenye mtaro.

Hatua ya 5: Kufunga mnyororo

Soma sehemu hii mara mbili, ndiyo inayoua madereva.

Mnyororo ufungwe pale chini panapofungwa trela, na si mahali pengine. Usifunge kwenye toplinki (kile chuma cha juu cha kushikia jembe), wala kwenye ekseli, wala kwenye mikono ya haidroliki iliyonyanyuliwa. Tairi za nyuma zikigoma kuzunguka, nguvu ya injini inatafuta pa kwenda, na inachofanya ni kunyanyua trekta lenyewe mbele. Mzigo ukiwa umefungwa juu ya ekseli unalisaidia kupinduka. Linamlalia dereva kabla mguu wake haujafika kwenye klachi. Kama trekta lina fremu ya kumlinda dereva, funga mkanda. Kama halina, usijifunge, na kuwa mwangalifu zaidi. Vyuma vya uzito vya mbele viwepo vyote.

Tumia mnyororo wa kazi, wenye pete nzima zisizochakaa. Kamba ya nailoni inatanuka, na ikikatika inarudi kwa kasi ya kuvunja mfupa. Mnyororo uwe na urefu wa mita 8 au zaidi ili usiinuke sana kuelekea juu ya kisiki. Chonga kovu kwa shoka kuzunguka kisiki, karibu na juu, ukae humo usiteleze. Tandika gunia lililoloweshwa katikati ya mnyororo. Ukikatika, gunia linaushusha chini. Watu wote wakae mbali, angalau mara moja na nusu ya urefu wa mnyororo, na watoto waondoke kabisa uwanjani.

Hatua ya 6: Kuvuta

Simamisha trekta mstari mmoja na kisiki, usivute kwa pembeni. Gia ya kwanza ya low, injini ya chini, achia klachi taratibu mpaka mnyororo ukaze, kisha ongeza kidogo. Usirudi nyuma ukachapuka mbele ili ukishtue. Kushtua ndiko kunakokata minyororo na kuvunja gia boksi, na mwenye trekta atakudai wewe. Tairi zikianza kuchimba, bonyeza klachi. Tazama mbele na nyuma kwa zamu; tairi za mbele zikiwa nyepesi, acha.

Kisiki kikilala nusu kitaonyesha mzizi mkuu unaoshuka chini. Usiingie hapo kwanza. Funga breki, zima injini, kingama gogo nene chini ya kisiki upande kilikolalia, na weka jiwe upande wa pili. Ndipo mtu mmoja aukate mzizi mkuu kwa shoka akiwa amesimama pembeni. Kilichobaki trekta linakitoa bila kelele.

Na kama kisiki kilikatwa chini tangu zamani? Tafuta rimu ya lori isiyo na tairi. Isimamishe ikigusana na kisiki upande wa trekta, upitishe mnyororo juu yake, na uufunge kwenye mzizi mnene ulio nyuma ya kisiki. Trekta likivuta, rimu inabiringika na kugeuza mvuto uwe wa kwenda juu. Rimu inaweza kuruka, kwa hiyo msisogelee.

Kisiki cha mti mzee chenye kipenyo cha zaidi ya nusu mita, mimi sikivuti. Wala sivuti visiki kumi vya shamba moja kwa trekta. Kodi kijiko, yaani mashine ya kuchimbia, kitakuwa kimemaliza wakati wewe bado unanoa shoka.

Hatua ya 7: Kufukia

Okota mabaki yote ya mizizi iliyopita chini ya jamvi, hata ya unene wa kidole gumba. Mzizi ukiozea chini unaacha uwazi, mchwa wanahamia, na jamvi jipya litatitia hapohapo. Fukia shimo kwa moramu, tabaka za sentimita 15, kila tabaka limwagiwe maji kidogo na kushindiliwa mpaka kisigino kisiache alama. Ukiweza, acha mvua moja kubwa ipite juu yake. Palipobonyea ongeza moramu, shindilia tena, kisha tandika vile vipande vya zege kabla ya kumwaga jamvi jipya.