Jinsi ya kupanga shindano la kupika na washkaji wa kazini

Kama kila mchana mnabishana nani angeshinda vile vipindi vya mapishi vya kwenye TV, basi pangeni shindano lenu kabisa. Chukueni wazo la Iron Chef, kile kipindi cha TV cha Japani kilichoanza 1993, pale kiungo kikuu kilikuwa kinafichwa mpaka dakika ya mwisho kabla ya kuanza kupika, afu wapishi wanapewa saa moja tu, ila kazini jiko hamna kwa hiyo kila mtu anapika kwake na kiungo mnatangaziana jioni ya kuamkia siku yenyewe, mi napenda viazi maana hakuna wa kusema havijui.

Kwanza ulizeni nani ana aleji, karanga, maziwa, mayai, samaki, hapo utani hakuna kabisa jamani. Chakula kikifika kiwekwe kwenye friji, nje kisizidi masaa 2.

Majaji waonje bila kujua nani kapika, vyombo viwe na namba tu.

Sasa utani: mmoja awe mtangazaji, atangaze kwa sauti nzito kabisaa, mtaniane kuhusu mbwembwe za sosi iliyochorwachorwa kwenye sahani, sio mwili wa mtu wala mshahara wake. Vyombo aoshe mshindi, ndo inanoga zaidi.